Madawati ya Tume

Serikali iliunda Tume ya Kuboresha Shule, ikampa uenyekiti Mheshimiwa Kasanda, bwana mwenye kitambi cha semina. Tume ikafika shule ya kijiji cha Igombelo na lori la madawati mapya. Watoto wakainuliwa sakafuni, wakaketishwa, wakapigwa picha.

"Asubuhi lori litayahamishia shule ya Malolwa, kwenye picha nyingine," Kasanda alimnong'oneza Nyamizi, mwenyekiti wa kamati ya wazazi. "Nawe ufunge mdomo."

"Nimeufunga, Mheshimiwa. Ila madawati mazuri hivi hayana hata jina lako? Uchaguzi si ndio huo unakuja?"

Kasanda akacheka. "Mama, kumbe una akili. Andikeni jina kubwa, lisomeke mpaka pichani."

"Rangi tunayo, baba. Lala salama."

Asubuhi Kasanda alimkuta Nyamizi akisugua rangi mikononi. Kila dawati lilisema: ZAWADI YA MHE. KASANDA KWA WATOTO WA IGOMBELO.

"Nilisema jina langu tu."

"Zawadi isiyo na mpokeaji, Mheshimiwa, watu wangedhani umeiba." Nyamizi akawageukia wapakiaji. "Haya, wanangu, pakieni. Wapiga picha wanasubiri kuyasoma Malolwa."

"Acheni," Kasanda alisema.

Lori likaondoka tupu. Watoto wakaingia darasani, wakaketi.