Kifurushi cha Mama Pimbi

"Paukwa!"
"Pakawa!"
"Simu?"
"Mkononi!"
"Njaa?"
"Tumboni!"
"Akili?"
"Lete wewe!"

Basi tulieni, na wewe uliyesinzia amka, maana leo nina moto! Hapo kale, lakini si kale sana, kwa sababu mtandao ulikuwa umeshafika porini, palikuwa na Mama Pimbi. Alikaa ndani ya mwamba na watoto wake saba. Kila akienda kutafuta majani aliwafungia mlango wa jiwe, na mlango ule haukufunguka ila kwa neno la siri.

Chui aliwataka wale watoto. Akaukwaruza mlango, kwaru kwaru! Haukufunguka. Akausukuma, puu! Haukufunguka. Akaenda kujificha mbali, akatoa simu, akaandika barua pepe.

Mama Pimbi aliporudi, akaona mikwaruzo ya makucha mlangoni. Hajamaliza kuitazama, simu yake ikalia, ting!

"Mpendwa mteja, sisi ni Posta ya Pori. Tumekuletea kifurushi mpaka mlangoni, hatukukuta mtu. Kina mapera yaliyoiva. Tutumie neno la siri la mlango tukiingize ndani. Fanya haraka! Baada ya saa moja tunakirudisha."

Jamani, mapera! Mate yakamjaa Mama Pimbi. Akaandika herufi ya kwanza. Akaandika ya pili. Halafu kidole kikasita.

"Ngoja kwanza," akasema. "Tangu lini posta ikanifuata mlangoni? Barua zangu zote nazifuata mwenyewe kwenye sanduku. Na huyu 'mpendwa mteja' ni nani? Kwani mimi sina jina?"

Akatazama anwani ya mtumaji. Haikuwa ya posta, ilikuwa mchafukoge wa herufi na namba. Hakujibu, hakubonyeza kitu, akakimbia, tipu tipu tipu, hadi posta yenyewe. Dirishani alikaa Bi Kobe.

"Shikamoo, Bi Kobe. Nina kifurushi?"

"Marahaba, mwanangu. Huna. Na kingekuwepo ningekuwekea karatasi sandukuni, uje nayo na kitambulisho. Neno la mlango wako nilitakie nini?"

Lo! Mama Pimbi akakumbuka ile mikwaruzo ya makucha mlangoni. Akamjua mtu wake. Hasira zikampanda, akajibu pale pale:

"Ndugu zangu wa Posta, asanteni sana! Nimehamia kichaka cha miiba nyuma ya kilima. Neno la siri ni hili: Toka nje, mnyonge wewe! Lisemwe kwa sauti kubwa, mara tatu."

Chui hakuuliza, hakukagua. Mbio, mpaka kichakani.

"Toka nje, mnyonge wewe!"

Kimya.

"Toka nje, mnyonge wewe!"

Kichaka kikatikisika, kwacha kwacha. Chui akafurahi, mlango huo unafunguka!

"TOKA NJE, MNYONGE WEWE!"

Akatoka. Lakini aliyetoka ni Kifaru, tena katolewa usingizini. Tindi! Tindi! Tindi! Chui huyoo, Kifaru nyuma yake! Wakavuka kilima, wakavuka mto, na hadi leo Chui analala juu ya mti.

Ngano yangu naitua hapa, anayeitaka ajitwishe.

Na funzo? Funzo lipo! Enyi matapeli wa mjini na wa porini, sikilizeni vizuri: kabla hamjaamini barua ya mtu, hakikisheni kwanza ni nani aliyewatumia. Watu wa siku hizi si waaminifu.