Kabati Lililoliwa na Mchwa

Mwenye pupa hadiriki kula tamu. Maana yake ni kwamba anayelikimbilia jambo jema kwa papara hulikosa likiwa limekwisha kufika mdomoni. Asiyeamini na aende kijijini Maguu akaulize habari za Mzee Mansuetus.

Mwaka 1994, wanunuzi binafsi wa kahawa walipokuwa wakimiminika Mbinga, chama cha ushirika cha kijiji kilitafuta mwenyekiti mwaminifu. Mansuetus, aliyewahi kuwa mtunza ghala wa chama hicho, alikitamani kiti hicho kama mtoto atamanivyo andazi. Hakuwa na mpinzani. Kilichobaki ni kamati kumtembelea nyumbani Jumamosi, inywe chai, imalize kazi. Lakini wapi! Alitaka nyumba imeremete.

Alishuka mjini hadi dukani kwa Abdulmajid, ambako bidhaa ngeni zilikuwa zimejaa hadi darini, akanunua unga mweupe wa kusafishia kuta zenye grisi.

"Mzee wangu, unga huu ni mkali," Abdulmajid alimwonya. "Kijiko kimoja kwa ndoo nzima ya maji. Vaa glavu, fungua madirisha. Na usiupitishe kwenye kitu kilichopakwa rangi, itabanduka yote."

"Kijana, mimi nimetunza dawa za mibuni miaka kumi. Utanifundisha unga?"

Jumamosi asubuhi alifunga madirisha ili vumbi lisiingie, akamimina kikombe kizima katika nusu ndoo ya maji.

"Baba Ildefonsi, si ulisema kijiko?" mkewe, Notburga, aliuliza.

"Kijiko ni cha wasio na wageni!"

Alipomaliza kuta alilivamia kabati la buluu la sebuleni, fahari ya nyumba, akalisugua kwa maji yale mazito, mikono mitupu. Punde macho yakamwaka, kikohozi kikambana, viganja vikawasha kama vimepakwa pilipili. Notburga alifungua madirisha, akamburuta hadi uani, akammwagia maji mikononi ndoo baada ya ndoo. Kabati likasahauliwa.

"Tumsifu Yesu Kristo!" Kamati ilikuwa imefika, ikiongozwa na Mzee Pankras.

Walipoingia sebuleni pamoja na wenyeji wao, rangi ya buluu ilikuwa imechuruzika sakafuni. Ubao ulibaki mtupu, na herufi zilizochomwa juu yake kwa chuma cha moto zilisomeka wazi: MALI YA CHAMA.

Pankras alivaa miwani, akasoma mara mbili. "Mansuetus, si hili ndilo kabati la ghala uliloandika kwenye taarifa kuwa limeliwa na mchwa?"

Mansuetus akajisogeza mbele ya zile herufi, akikohoa.

"Basi mchwa wetu ni mafundi," Pankras alisema. "Wamelila kabati, wakalitapika, wakalipaka rangi, wakakuletea hadi sebuleni!"

Kamati iliangua kicheko. Notburga hakucheka, masikini, alikuwa hajui lolote, na aibu ilimchoma kuliko unga ulivyomchoma mumewe. Hata hivyo alilisuuza kabati kwa maji tele kwanza, wageni wasije nao wakaungua. Kisha wakalibeba, wakaiacha chai ikipoa.

Mansuetus alibaki na viganja vilivyofungwa vitambaa, asiweze hata kushika kikombe chake. Kiti ambacho angekipata kwa kutulia tu kilikwenda kwa mwingine. Hakika, mwenye pupa hadiriki kula tamu.