Tone la Mafuta ya Cherehani

Wahenga waliposema kikulacho ki nguoni mwako hawakuwa na kompyuta, lakini chawa walikuwa nao. Walijua kwamba mtu akiumwa, jicho lake hukimbilia nje: kwa jirani, kwa mbu, kwa mgeni aliyelala jana. Nguo yake mwenyewe huikagua mwisho, tena kwa kulazimishwa.

Mama mmoja, fundi cherehani, aliishi na wanawe wawili katika nyumba ambayo kila kiti kilikaliwa na vitambaa. Mkubwa alipachikwa jina la Profesa, maana hakuna swali lililowahi kumkosesha jibu, ingawa majibu yenyewe yalikuwa na ajali nyingi. Mdogo wake, binti, aliitwa kwa nafasi yake tu ya kitinda mimba: Kitinda. Kompyuta yao ilikuwa imekula chumvi nyingi. Feni yake ilikoroma kama babu aliyeshiba.

Kwa wiki mbili sasa mashine hiyo ilikuwa ikianguka ovyo. Ungeandika mistari mitatu, skrini igeuke buluu, itoe onyo la hitilafu ya kumbukumbu, kisha izime kama mshumaa uliopulizwa. Siku hiyo ya Ijumaa, Kitinda alitakiwa kutuma fomu ya kujiunga na chuo cha ufundi kabla ya saa kumi jioni. Kila alipofika ukurasa wa tatu, buluu. Akaanza upya. Buluu.

"Kumbukumbu imejaa," Profesa alitangaza, mikono kiunoni. "Na aliyeijaza tunamjua. Nyimbo mia nne! Mama, huyu mtoto ameilisha kompyuta mpaka imevimbiwa."

"Nyimbo zinakaa kwenye diski, Kaka. Kumbukumbu inayolalamikiwa ni ile ya kufanyia kazi."

"Unamfundisha samaki kuogelea?"

Kufumba na kufumbua, Profesa alikuwa amezifuta zote. Kompyuta ikawashwa. Dakika tano, buluu.

"Basi ni virusi," alisema bila haya. "Vimeletwa na hizo hizo nyimbo."

Mama, mguu ukiwa bado kwenye pedali, alitoa hukumu: Kitinda asiiguse mashine mpaka kaka yake amalize kuitibu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na nusu. Kitinda alimgeukia Mama.

"Mama, uzi ukikukatikia unafanyaje?"

"Swali gani hilo? Nabadilisha sindano, nashona. Ukikatika tena, naangalia uzi wenyewe. Kimoja kimoja. Ukibadilisha vyote kwa mpigo, hutajua mchawi ni yupi."

"Nipe saa moja nifanye hivyo hivyo. Nikishindwa, mwaka huu husikii neno la chuo kinywani mwangu."

Cherehani ikanyamaza. "Saa moja. Profesa, mpishe mdogo wako."

Kitinda alichomoa waya wa umeme, akafungua ubavu wa kasha. Ndani vilisimama vipande viwili vyembamba vya kumbukumbu, ambavyo mafundi huviita RAM. Kimoja kilizaliwa pamoja na mashine. Cha pili Profesa alikitoa kwenye kompyuta iliyotupwa, akakipachika mwenyewe wiki mbili zilizopita ili kuiongezea mashine nguvu. Siku hiyo alipigiwa makofi, na Mama akaishonea kompyuta kifuniko cha maua.

"Hicho usikiguse!" Profesa aliruka. "Hicho ndicho kinachoibeba!"

Ndicho Kitinda alichoanza nacho. Alikitoa, akaiwasha mashine kwa kile cha zamani peke yake. Dakika kumi. Ishirini. Feni ilikoroma, skrini ikatulia. Akaizima, akabadilisha: kipya peke yake, kwenye nafasi ile ile. Hazikupita dakika nne, buluu.

"Bahati mbaya tu," Profesa alinong'ona.

"Turudie." Wakarudia. Safari hii buluu ilikuja mapema zaidi, kama shahidi aliyeizoea mahakama.

Kitinda alikipeleka kipande dirishani. Meno ya dhahabu ya kipande hicho yaling'aa kwa unyevu, na manyoya ya vitambaa yalikuwa yamegandia humo. Alinusa, akampa Mama. Mama alinusa mara moja.

"Haya ni mafuta yangu ya cherehani."

Jibu la Profesa lilichelewa kwa mara ya kwanza tangu ajue kusema. "Kilikuwa kigumu kuingia, Mama. Si wewe unayesema kitu kikikaza kitie tone?"

"Makasi, mwanangu! Bawaba! Zipu!" Mama alishika kichwa. "Na chupa yangu iko wapi? Wiki mbili namnunia mteja wa watu nikidhani ndiye aliyeiiba!"

Profesa alitembea kama anayekwenda kunyolewa, akaitoa chupa kwenye droo yake. Mama alicheka mpaka pini alizochomeka kifuani zikadondoka.

Kwa kipande kimoja, kompyuta ilitambaa kama kobe, lakini haikuanguka. Ukurasa wa tatu ukapita. Wa nne ukapita. Saa tisa na dakika thelathini na nane skrini iliandika: Fomu imepokelewa.

"Nyimbo zako nitazirudisha," Profesa alisema, macho sakafuni.

"Zote mia nne, Kaka. Mmoja mmoja."

Profesa alikuwa amemsaka adui kwenye nyimbo na kwenye virusi, kumbe alimpachika kwa mkono wake na kumpaka mafuta juu. Kweli, kikulacho ki nguoni mwako.