Taa ya Kijani ya Mzee Luhende

Mtu mmoja alikuwa na reli ndogo juu ya meza. Msicheke bado. Aliitwa Mzee Luhende, mstaafu wa reli kule Kaliua, na kazi yake miaka yote ilikuwa kugeuza njia: anavuta chuma, reli inasogea, treni inashika upande huu badala ya ule. Alipostaafu hakuweza kuiacha kazi hiyo. Akajijengea reli ya mezani, na kichwa cha treni akakiunda kwa shaba, miaka miwili mizima, skrubu kwa skrubu.

Reli ile iligawanyika mahali pamoja tu. Kushoto ilirudi stesheni. Kulia ilikwenda kwenye daraja ambalo mzee alikuwa hajalimaliza, na mbele ya daraja ni ukingo wa meza, na chini ni sakafu ya saruji. Pale kwenye mgawanyiko aliweka mpini mdogo wa mbao, akawa anageuza njia kwa vidole.

Kisha mikono ikaanza kutetemeka. Binti yake Nyamizi, fundi umeme, akamwonea huruma. Akafunga mota ndogo chini ya reli, akampa kisanduku chenye vitufe viwili. Bonyeza cha kushoto, taa ya kijani inawaka. Bonyeza cha kulia, inawaka nyekundu. Mzee alifurahi mno, nisiwafiche, hata mimi ningefurahi.

Siku moja, Nyamizi akiwa kando yake, reli ilikuwa imelala kulia, kwa sababu mzee alikuwa akipima daraja lake. Alipomaliza, akabonyeza cha kushoto. Taa ya kijani ikawaka, tena vizuri kabisa. Akaiachia treni. Ikaja, ikafika kwenye mgawanyiko, ikaenda kulia. Lo! Nyamizi hajanyoosha hata mkono, kichwa cha shaba kiko sakafuni vipande vitatu. Na mikono ile isingeweza tena kuunda kingine.

Nyamizi alilia. Mzee naye machozi yalimlengalenga, lakini hakuokota kitu. Aliinama kwanza, jicho usawa wa meza, akaitazama reli. Ganda la karanga lilikuwa limekwama pale kwenye mgawanyiko, na reli haikusogea hata kidogo. Angekuwa ameshika mpini, ungemgomea mkononi, naye angejua. Akageukia kisanduku. Taa ya kijani bado inawaka.

"Nyamizi mwanangu," akauliza, "hii taa inajuaje?"

Taa haikujua lolote kuhusu reli. Ilijua kitufe kimebonyezwa, basi.

Nimelifikiria swali la mzee yule wiki nzima, na bado linanisumbua. Maana wamo humu kanisani ndugu wawili, tumbo moja, waliogombana hata msibani kwa mama yao. Mwezi uliopita mlisimama hapa mbele, mkashikana mikono, mkasema yameisha, nasi tukapiga makofi. Mimi nilipiga kuliko wote. Siwatuhumu, jamani, nauliza tu: ni nani kati yetu aliyeinama kuangalia kama reli imesogea?