Kamba ya Ndama wa Tusekile

Jumatano, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ng'ombe wa Tusekile alizaa ndama jike, na papo hapo furaha ikageuka mtihani. Kwa maana Tusekile, mkaanga vitumbua wa Tukuyu, aliwahi kuapa mbele ya kikundi chake cha akiba: "Ndama jike wangu wa kwanza ni wa yule atakayenitoa kwenye umaskini."

Nani basi? Walikuwepo watatu. Lugano, binamu yake, alijaliwa ulimi. Mama Subilaga, mtunza ufunguo wa sanduku la kikundi, alijaliwa moyo mgumu. Anyisile, shemeji yake, alijaliwa jicho.

Lugano ndiye aliyemwambia, "Dada, kila jioni unamlipa mwenye unga, mwenye mafuta, mwenye nyumba. Wewe unajilipa lini? Tenga fungu lako kwanza, hata liwe dogo." Miaka yote ya kukaanga, Tusekile hakuwa amelisikia neno hilo. Jioni ile ile akaanza kutenga, na fungu hilo akaliweka katika sanduku la kikundi.

Mama Subilaga ndiye aliyeukalia ufunguo. Harusi ya jirani ilipotangaziwa sare ya kitenge, Tusekile alimwendea akilia. "Nifungulie, mama, nitaaibika!"

"Aibika. Kitenge kitachuja, ng'ombe hachuji."

Tusekile akamtukana kuwa ni mchawi, akaenda harusini na gauni la zamani.

Akiba ilipotosha, Anyisile ndiye aliyekwenda naye mnadani kununua ng'ombe. Tusekile alikwisha kumpenda ng'ombe mnene, anayeng'aa. "Shemeji, huyo ni wa buchani," Anyisile akamnong'oneza. "Chukua yule mwembamba." Aliyemnunua yule mnene alimngojea azae mpaka akachoka, akamchinja.

Jioni ya Jumatano wote watatu wakafika kumwona ndama.

"Maneno tu!" Mama Subilaga akamcheka Lugano. "Mtaa mzima ulikusikia, wangapi wana ng'ombe? Na wewe mwenyewe viatu vinacheka."

"Daktari naye huugua, mama. Bila neno langu, sandukuni ungefungia nini? Hewa?"

"Na bila jicho langu," akasema Anyisile, "sasa hivi tungekuwa tunakunywa supu."

Mama yake Tusekile akapaza sauti kutoka jikoni: "Na aliyeungua mikono kwa mafuta je? Abaki na ndama wake!"

Lakini kiapo ni kiapo, na kikundi kizima kilikisikia. Akikivunja, nani atamwamini tena? Akimchagua mmoja, wawili watasemaje? Kwa mara ya kwanza maishani Tusekile hakuogopa njaa, aliogopa kudhulumu.

Asubuhi iliyofuata aliwaita tena. Alikuwa amesokota kamba mpya, maana ndama bado ni wa kunyonya, na kinachokabidhiwa kwanza ni kamba. Akatoka nayo uwanjani, akasimama mbele yao, akanyoosha mkono.

Haya, mliokaa hapa. Neno, katazo, jicho, au jasho la mwenyewe: kipi kilimtajirisha? Ungekuwa wewe Tusekile, kamba ungemkabidhi nani?