Farasi Aliyevuka Mto Bila Kulowa

Hapo zamani za kale, watoto, wakati wanyama walipokuwa na nyumba zao, majirani zao na ugomvi wao wa nani kashinda na nani kaonewa, aliishi Bi Pimbi juu ya jabali. Mwili wake ulikuwa mdogo, ungeweza kumtia kwenye kikapu cha mayai. Lakini macho yake yalikuwa makali, na alikuwa na ugonjwa mmoja: alipenda mbio.

Kila mwaka katikati ya kiangazi, Farasi, Punda na Pundamilia walishindana kuzunguka kilima. Walianzia uwanjani, wakapita nyuma ya kilima, wakavuka mto wa mchanga, mkavu kiangazi chote, wakarudi uwanjani kwa upande wa pili. Mshindi hakupewa kikombe wala shada la maua. Nyumba yake ilikunywa ya kwanza kisimani mpaka mvua zirudi.

Na mshindi alikuwa Farasi. Mwaka huo Farasi, mwaka wa nyuma yake Farasi, na mwaka mwingine mnaujua wenyewe. Ukoo wake ulikuwa mkubwa, tena haukunywa tu, uliogea humo humo. Waliofuata walikuta tope.

Watazamaji wote walikaa uwanjani, penye kivuli na karanga. Bi Pimbi peke yake alitazama kutoka jabalini, na kutoka pale aliona pande zote mbili za kilima. Ndiyo maana alichoka. Kila mwaka alimwona Farasi akifika kwenye shamba la ufuta, akigeuza shingo kulia, akigeuza kushoto, kisha huyoo, anakatiza katikati ya ufuta. Mtoni hafiki kabisa. Na kila mwaka alimsikia Kasuku, mtangazaji wa mbio, akipaza sauti kutoka kwenye mti wa uwanjani: "Farasi anapaa! Farasi haonekani kwa kasi!"

"Unamwona wapi, wewe?" Bi Pimbi alinung'unika. "Mti wako haufiki hata kiunoni mwa kilima."

Alishawahi kushtaki. Alimwendea mwamuzi, Mzee Kifaru, ambaye macho yake hayaoni hatua kumi mbele.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Nani huyo?"

"Mimi Pimbi, Mzee. Farasi anakatiza njia."

"Kasuku hakusema hivyo," alijibu Mzee Kifaru. "Na mimi huamua kwa maneno ya mtangazaji. Wewe ni mtazamaji tu, mwanangu. Kazi yako kutazama."

Kesho yake Kasuku akatangaza kwamba siku hizi kuna watazamaji wenye wivu.

Basi mwaka mmoja, siku moja kabla ya mbio, Bi Punda alipita jabalini kumwona Bi Pimbi. Walikuwa mashoga wa siku nyingi.

"Kesho sikimbii, shoga," akasema Bi Punda. "Mama mkwe anakunywa tope mwaka wa nne huu. Tumbo halimwachi, na safari hii sijui kama atafika masika. Afadhali miguu yangu niitumie kumtafutia maji ya mbali."

Bi Pimbi akamsogelea. "Unajua kinachoniudhi? Si Farasi hata. Farasi ni mwizi, tumeshamjua. Kinachoniudhi ni habari zake. Wiki nzima tunaambiwa Farasi amekula nini, singa amezichana vipi, amelalia ubavu gani. Wewe umekuwa wa pili miaka minne. Kasuku amekutaja mara ngapi?"

"Mara moja. Alisema masikio yangu yanaharibu mandhari."

"Na Pundamilia alipopigwa teke na Farasi pale pale mwanzoni, watu wanaona, Kasuku alisema nini?"

"Alisema Pundamilia amezoea kulalamika. Ndipo mwenzetu akaacha mbio."

"Mimi pia nitaacha kuzitazama," akasema Bi Pimbi. Mbio alizipenda tangu utotoni, watoto, na si rahisi kuchoka na kitu unachokipenda.

Asubuhi ya mbio, Bi Pimbi alipotoka kuota jua, alisikia shaa, shaa nyuma ya kilima. Akatazama. Mvua ilikuwa imenyesha milima ya mbali, na mto wa mchanga ulikuwa umejaa maji. Maji mekundu ya udongo, yasiyonyweka, ya kumfika Bi Punda shingoni. Hakuna mwingine aliyejua, maana wote walikuwa uwanjani wakigombea kivuli.

Alitaka kukimbia akawaambie. Kisha akaketi tena. "Nikisema mimi, ni wivu," akajiambia. "Akisema Kasuku, ni habari."

Akashuka jabalini, tutu, tutu, tutu, mpaka kwa Bi Punda. "Kimbia leo tu, shoga. Zunguka kilima chote kama kawaida yako. Ukikuta maji, pita humo humo."

"Maji gani tena?"

"Mama mkwe wako anataka kunywa au hataki?"

Bi Punda akashusha pumzi, akaenda kujipanga.

Bi Pimbi akamwendea Kasuku. Alimkuta mtini anatafuna mahindi. Chini ya mti kulikuwa na debe zima, zawadi ya Farasi.

"Hujambo, Bwana Kasuku."

"Sijambo, Bi Malalamiko. Leo umeleta shtaka gani?"

"Sina shtaka. Nimechoka kushtaki. Nimekuletea habari."

"Habari ninayo. Farasi atashinda."

"Ndiyo hiyo hiyo kila mwaka. Watu wanakusikiliza kwa kuwa karanga hazijaisha. Mto umejaa maji, Bwana Kasuku. Hebu fikiria Farasi anavyopambana na maji yale."

Kasuku akaacha kutafuna. "Kweli?"

"Ruka ukaone mwenyewe."

Kasuku akatazama kilima, akatazama mahindi. Kilima kilikuwa mbali na debe lilikuwa karibu.

"Hakuna haja," akasema Kasuku. "Nitauona kutoka hapa hapa."

Miaka yote hiyo hakuwahi kutangaza ukweli hata mmoja, na siku alipopewa, aliumeza bila kutafuna.

Mzee Kifaru akapiga mguu chini, pu! Kwato zikalia paka paka, paka paka, vumbi likatimka, wakapotea nyuma ya kilima.

"Mto umejaa!" Kasuku akaanza. "Farasi kaingia! Maji kifuani, maji shingoni! Punda kaogopa, Punda karudi nyuma!"

"Mto una maji?" akauliza Mzee Kifaru.

"Umefurika, Mzee! Nauona!"

Punde Farasi akatokea, singa zimelala vizuri, akasimama kwenye mstari akingoja kushangiliwa. Bi Pimbi alikuwa amesimama karibu na mguu wa mwamuzi.

"Pole na maji, Bwana Farasi," akasema kwa upole.

"Maji gani?"

Kasuku akakohoa juu ya mti.

"Ya mtoni, bwana. Tumeambiwa umeyavuka."

"Aa, hayo," akasema Farasi. "Nimeyavuka. Mengi kweli."

"Yalikufika wapi?"

Farasi akamtazama Kasuku, na Kasuku akaonyesha kwa bawa.

"Shingoni."

Mzee Kifaru akasogea. Macho hana, lakini pua anayo. Akamnusa Farasi kifuani, fuu, fuu. "Mkavu kabisa. Tena ananuka maua ya ufuta."

"Upepo umenikausha, Mzee."

"Upepo upi? Mimi natoka jasho hapa tangu asubuhi."

Hapo Bi Punda akaingia uwanjani polepole, anachuruzika maji, udongo mwekundu mpaka masikioni. Alidhani ameshindwa tena, na hakumtazama mtu. Mzee Kifaru akamnusa yeye pia, mara mbili.

"Mtangazaji amesema mto umefurika," akasema, "na mimi huamua kwa maneno ya mtangazaji. Huyu ndiye aliyetoka mtoni. Kisima ni cha nyumba ya Bi Punda."

Jioni ile mama mkwe wa Bi Punda alikunywa kata ya kwanza, ya pili, ya tatu, maji meupe. Alinyoosha kata tu aongezwe. Bi Pimbi alitazama mpaka machozi yakamtoka.

Kulipokucha, sauti ikasikika kutoka mtini: "Mimi Kasuku, baada ya uchunguzi wangu wa miaka mingi, nimefichua udanganyifu wa Farasi!"

"Shoga, unamsikia?" Bi Punda akauliza. "Hutaki kumjibu?"

"Nimechoka," akasema Bi Pimbi. "Mwache apige kelele. Kisima si kiko kwako?"

Akageuza ubavu juani, akalala.

Nami nimefika mwisho, watoto, na la kushika ni hili: anayetangaza mbio asizozitazama, iko siku atamuumbua yule yule anayemsifu.