Ada ya Kumwamsha Ngamia

Palikuwa na tajiri mmoja, Bwana Mahfudhi, mwenye kinu cha kukamulia mafuta ya ufuta, kinu pekee mjini, kinachozungushwa na ngamia aliyefungwa kitambaa machoni. Haya sikusimuliwa. Nilikuwa nimekaa juu ya gunia karibu na mkia wa ngamia yule, na aliyekuwa karibu kuliko mimi ni nzi.

Bei ya Bwana Mahfudhi ilikuwa hivi: pesa nne za kumwamsha ngamia, kisha pesa moja kwa kila kibaba cha ufuta. Zile nne hazina huruma. Uje na kibaba, uje na gunia, ni nne. Hata ufuta wako ukirudishwa kwa unyevu, ngamia keshaamka, unalipa nne unakwenda zako.

Sasa mtaani pale alikuwako Mwanakombo, mjane muuza bajia. Mali yake ilikuwa karai moja na ulimi, na vyote viwili havikuwahi kupoa. Kila siku alipeleka kibaba kimoja, akalipa tano. Asubuhi moja alikaa kizingitini akaifikiria ile tano. Ufuta wake unakula moja tu. Nne zote anakula ngamia. Na wauza bajia wenzake sita nao wanamwamsha ngamia yule yule, kila mmoja kwa nne zake.

"Jamani," akawaambia, "kwani huyu mnyama ana usingizi wa aina gani? Tumwamshe mara moja yaishe."

Wakamimina ufuta wao katika kikapu kimoja, vibaba saba, wakaenda nao kinuni wanawake wote saba. Mafuta yakakamuliwa. Mwanakombo akamhesabia tajiri pesa kumi na moja.

"Hizi za nini?" akauliza Bwana Mahfudhi.

"Nne za ngamia, saba za ufuta."

"Jana kibaba kimoja ulinilipa ngapi?"

"Tano."

"Tano mara saba?"

"Thelathini na tano."

"Umejihukumu kwa mdomo wako." Akalinyakua karai la Mwanakombo, alilokuja nalo kuchukulia mafuta. "Ziwe thelathini na tano, au karai linalala hapa."

Mwanakombo akalitazama karai lake. Bila karai hakuna bajia, bila bajia wanawe watatu watalala na maji ya moto. Lakini uso aliuacha ulivyo.

Mara akaingia Liwali, mkubwa wa mji, aliyekuja kuulizia mafuta ya taa zake. Nikampisha gunia langu. Akasikia kelele, akamgeukia tajiri. "Unadai nini?"

"Hesabu tu, Bwana Liwali. Kimoja tano, saba thelathini na tano. Mtoto wa chuo cha Kurani anaijua."

"Basi niruhusu niulize kama mtoto," akasema Mwanakombo. "Wiki iliyopita ulinirudishia ufuta wangu kwa unyevu. Ulinikamulia vibaba vingapi?"

"Hata kimoja."

"Ukachukua ngapi?"

"Nne. Ngamia alikuwa keshaamka."

"Na kwa hesabu ya chuoni, tano mara hakuna ni ngapi?"

Tajiri akakuna ndevu. "Ile ni ada, bibi wee. Bwana Liwali, hujui kazi ya kumwamsha huyu. Anauma, anatema mate, anapiga mateke. Yataka moyo."

"Poleni. Kwa hiyo bila kibaba ni nne, kibaba kimoja ni tano. Hicho cha kwanza kimeongeza ngapi?"

"Moja."

"Cha pili kiongeze ngapi?"

"Tano."

"Kwani cha pili kimemkosea nini ngamia?"

Liwali akakohoa, akaficha mdomo kwa ncha ya kilemba.

"Nauliza tu, bwana. Cha kwanza kimemkuta yuko macho, kimelipa moja. Cha pili nacho kimemkuta yuko macho, unakidai tano. Au alisinzia katikati?"

"Hakusinzia."

"Basi kila kibaba ni moja, cha kwanza mpaka cha saba, na zile nne zimekaa pale pale chini, hazizai."

"Kumi na moja," akasema Liwali. "Mrudishie karai lake."

Bwana Mahfudhi akalirudisha, lakini akitabasamu, tabasamu la mtu aliyebakiwa na karata. "Sawa. Kuanzia kesho ada ya ngamia naifuta. Nimeusamehe mji mzima. Bei ni tano kwa kila kibaba, basi. Kimoja tano, saba thelathini na tano, asiye na kitu halipi kitu. Je, Bwana Liwali, hapo pana kosa?"

Liwali akainua mabega. Kinu chake, bei yake. Wale wanawake sita wakashusha vichwa. Mwanakombo alipiga hesabu kimoyomoyo, akaona amerudi pale pale pa tano kila siku, wachange wasichange.

"Kwa hiyo kesho nitalipa kwa kipimo tu?" akauliza.

"Kwa kipimo tu."

"Na nikileta konzi moja tu, ufuta wa kujaa mkono?"

"Utalipia konzi."

"Hata pesa moja haifiki."

"Utalipa hicho hicho."

"Na kumwamsha ngamia ni juu ya nani?"

Tajiri akamtupia jicho ngamia.

"Mungu akuzidishie, bwana," akasema Mwanakombo, akijitwisha karai. "Alfajiri nakuja na konzi moja. Ngamia akisharudi kulala atakuja huyu mwenzangu na yake, halafu yule. Tuko saba, na usiku ndio hatuna kazi. Ukichoka, niite. Usingizi nitakuuzia mwenyewe: pesa nne za kukulaza, kisha moja kwa kila saa."

Ngamia akacheka. Hilo la ngamia kucheka nimelitia mimi.